Sekretari Aliyetuchagulia Kozi

Mji mzima wa Garsen unajua kwamba kuna mwanamke anayewachagulia watoto wa watu kozi za chuo kikuu. Unalijua jambo hilo kama unavyojua daraja lilipo. Ukikutana na kijana wa Tarasaa anayesomea takwimu, au msichana wa Wenje anayesomea uvuvi, ukamuuliza ni nani aliyempeleka huko, jibu ni moja: Sekretari. Mimi nilisomea udongo, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimetoa jibu hilohilo. Mwaka huu binti yangu wa kwanza amelitoa pia, amesimama mbele yangu, zikiwa zimebaki siku nne dirisha la kubadilisha kozi lifungwe. Kabla sijaeleza nilivyozitumia siku hizo, ni haki kwanza nimweleze mwanamke mwenyewe, maana wengi wanaomtaja hawajawahi kuketi mbele ya meza yake.

Alikuwa sekretari wa shule yetu ya sekondari. Alipostaafu cheo kilimfuata, na leo hata wazee wasiojua maana ya neno hilo humwamkia kwalo. Ni mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi kisogoni, na mkononi ana rula ya mbao ambayo sijamwona bila yake. Kwa rula hiyo huelekeza kiti cha kukalia, hufuta mstari, hujikuna mgongo na huwanyamazisha watu. Baada ya kustaafu alikodi chumba kimoja karibu na stendi, akaweka kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Taipureta ya shule, ambayo alipewa kama kumbukumbu, iko sakafuni. Kazi yake sasa ni kuuzuia mlango usipigwe na upepo.

Watu humwendea kwa shida ya mtandao. Hawajui nambari za kozi, wamesahau neno la siri, au kompyuta imewaandikia kosa wasilolielewa. Yeye huwaacha waeleze, kisha huuliza swali ambalo halihusiani na kompyuta.

"Mwaka wa pili utasoma nini?"

Hilo ndilo swali lake. Zamani, kabla ya mtandao kufika, aliviandikia vyuo barua akiomba vijitabu vyao, akavihifadhi ndani ya debe la biskuti. Leo huchapisha kurasa. Kila mwanafunzi lazima atafute orodha ya masomo ya kozi anayoitaka, ainakili kwa mkono, kisha asimame mbele yake asome kwa sauti sehemu ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza, asema, kila chuo humkaribisha mgeni kwa mambo mepesi. Mwaka wa mwisho mtu huvumilia kwa kuwa anaona mlango. Mwaka wa pili hakuna ukaribisho wala mlango, kuna kozi yenyewe tu. "Jina la kozi ni kofia," husema. "Nivulie kofia nikione kichwa."

Nilikuwepo siku moja alipokuja kijana wa duka la nguo, mrefu, mwenye kujiamini, aliyetaka kusomea hesabu za bima. Alisoma mistari mitatu akainua macho.

"Endelea," Sekretari akasema.

"Wallahi, Sekretari, hii yote ni hesabu?"

"Ulidhani ni nini?"

"Mimi nilidhani ni ofisi. Ile ya AC."

"AC iko hata benki, mwanangu, na mlinzi wa mlangoni anaipata bure kila mlango unapofunguliwa. Soma."

Alisoma mpaka mwisho, uso umemwiva. Alipomaliza, Sekretari hakumwambia aache wala aendelee. Alimrudishia karatasi, akamwambia aende akaisome tena nyumbani akiwa na njaa. Mambo mengi, kwa imani yake, hupendeza tumbo likiwa limeshiba.

Jambo moja hakulifanya kamwe, nami nalitaja hapa kwa sababu kwa muda mrefu niliona ni kituko tu cha mtu aliyezoea ofisi. Hakuandika chaguo la kozi kwenye fomu ya mtu. Kila kitu kingine alikiandika kwa hati nzuri, iliyonyooka: jina, shule, nambari ya mtihani. Akifika kwenye nafasi ya chaguo la kwanza, aliigeuza fomu, akaisukuma upande wako, akaiweka kalamu juu yake, akainuka kwenda dirishani. Alisimama akiwa amekupa mgongo. Kompyuta zilipokuja aligeuza kicharazio badala ya fomu. "Kidole ni chako," husema, kisha hutoka nje, hata kama kuna jua la kupasua kichwa.

Wala hakuwahi kusoma chuo kikuu. Safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya ilimfikisha Malindi, akarudi siku hiyohiyo akilalamika kwamba maji ya huko yana chumvi. Lakini aliweza kukuambia kwamba katika chuo fulani cha bara foleni ya usajili iliyo fupi ni ile ya nyuma ya maktaba, na kwamba katika kingine vyumba vya ghorofa ya juu huvuja mwezi wa nne. Maarifa hayo aliyapata kwa amri moja: yeyote aliyetokea mikononi mwake, akirudi likizo, lazima apite kwake alete habari. Alikukalisha, akakusaili kama hakimu, akaandika katika daftari. Kila chuo kina daftari lake. Hakuuliza umepata alama gani. Aliuliza ulikula nini, ulilala na nani chumbani, ulipougua ulimwambia nani, na ni siku gani ulitaka kurudi nyumbani. Hilo la mwisho aliliuliza kwa namna ambayo usingeweza kujibu kwamba hakuna siku kama hiyo.

Kutoka katika madaftari hayo alitunga mawaidha aliyowapa wanaoondoka. Naandika machache ninayoyakumbuka, kwa kuwa yamenifaa, na yamewafaa wengine niliowapa bila kusema yametoka wapi.

Godoro kwanza, rafiki baadaye: mtu asiye na pa kulala humkubali rafiki yeyote. Wiki ya kwanza usimwogope anayeijua njia, maana na yeye aliijua jana. Mhadhiri hatakuuliza jana ulikuwa wapi, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Chukua kitu cha kwetu kisichopatikana huko, ukimalize pamoja na watu usiowajua kabla wiki haijaisha.

Wosia huo wa mwisho ulizaa kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Kijana mmoja wa Wenje alibeba gunia zima la maembe hadi chuo kilicho katika mji wa baridi. Alifika nusu yameoza, akiwa ananukia hatua kumi mbele yake. Aliyabwaga kwenye korido ya bweni, akamwita kila aliyepita. Kwa miaka yote aliyokaa huko aliitwa Maembe, na aliposhindwa kuamka kwa homa ya mapafu, waliomchukua mgongoni hadi zahanati hawakulijua jina lake lingine. Alimsimulia Sekretari hayo likizo. Yeye aliandika kwenye daftari: *gunia ni kubwa mno, nusu yatosha.*

Hakuwa sahihi siku zote. Aliniagiza mwaka wa kwanza nisijiunge na chama chochote, cha dini, cha michezo wala cha watu wa kwetu, hadi mitihani ya kwanza ipite. Nilitii. Nilikaa miezi minane nikizungumza zaidi na sampuli za udongo kuliko na binadamu. Nilipopita kuleta habari nilimwambia wazi kwamba wosia ule ulinitesa. Alinitazama juu ya miwani, akafungua ukurasa, akaweka rula, akaupigia mstari.

"Basi nimekosea," akasema. "Wa mwakani nitawaambia vingine."

Hakuomba radhi zaidi ya hapo, nami sikujua kama nilitaka aombe.

Alikuwa mkali kwa wanaochelewa, ilhali yeye mwenyewe hufunga chumba saa yoyote anayojisikia, na foleni ikamsubiri juani. Huwakemea wasichana wanaocheka ovyo, kisha nikamkuta siku moja amejifungia na wasichana watatu, wote wanne wanalia kwa kicheko juu ya jambo ambalo hawakuniambia. Na mwanawe mwenyewe hakwenda chuo. Anauza vipuri vya pikipiki Tarasaa. Watu walimtupia hilo usoni.

"Watoto wa wenzako unawatuma kote, na wako je?" mama mmoja alimuuliza sokoni, nikisikia.

"Wangu alisoma ukurasa wa mwaka wa pili," akajibu, "akaniambia asante, Mama."

Nimelitaja soko, na huko ndiko lilikoonekana deni la sifa yake. Baba akimtarajia daktari akaletewa barua ya uvuvi, alihitaji mtu wa kumlaumu, na mtoto alikuwa amekwisha kumtaja. Kwa hiyo Sekretari aliuziwa nyanya za chini ya ndoo. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo hakumwamkia kwa miaka, ingawa maduka yao yalitazamana. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidevu: "Huyo ndiye aliyemnyima mwanangu udaktari." Sekretari alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akichagua samaki. Hakugeuka. Sijawahi kumsikia akijitetea, na kimya hicho nilikifasiri kama kiburi. Nyakati nyingine nilikifasiri kama kukiri.

Baba yangu hakuridhika na kulaumu kwa mbali. Alikuwa mfugaji, alitaka niwe mwanasheria, na aliuza ng'ombe kwa ajili ya karo akijua hivyo. Barua ya chuo ilipofika nikamtafsiria kwamba nimeitwa kusomea udongo, aliondoka kwenda kwa ng'ombe waliobaki, akarudi alasiri. Kwetu udongo ni mambo ya wakulima. Mfugaji huutazama anapotafuta nyayo tu. Kesho yake alinishika mkono tukaenda shuleni. Niliachwa nje ya dirisha la ofisi, na yote niliyasikia.

"Mama, wewe nani andika mtoto yangu udongo?" Kiswahili cha Baba kilikuwa cha sokoni, na hasira ilikipunguza zaidi. "Mimi nauza ng'ombe, mtoto soma sheria. Wewe naandika yeye matope! Matope iko hapa mtoni, bure!"

"Ni mimi, Mzee," sauti ya Sekretari ikajibu, bila kupanda. "Nilimwandikia mimi. Kaa. Hasira yote iache hapa mezani kwangu, mtoto asiibebe kwenda nayo nyumbani."

Baba alikaa. Alifoka hadi adhuhuri. Aliletewa maji, akanywa, akafoka tena. Alipotoka alikuwa mtu aliyechoka, na njiani aliniambia kwa lugha yetu, kwa upole ambao sikuutarajia: "Yule mwanamke ni mbaya. Basi nenda, yasome hayo matope yake, uyamalize, urudi." Hakuwahi kunilaumu mimi, hata siku moja, mpaka alipofariki.

Kisa hicho kimekuwa mali yangu. Ninafanya kazi Hola, katika mashamba ya umwagiliaji, na wenzangu wa ofisi wakiulizana walivyoingia kazini, mimi husema nilichaguliwa kozi na taipureta, nao hucheka. Nilimsimulia mke wangu hivyo tulipokuwa wachumba. Kazi yenyewe naipenda. Nimeingiza mkono katika udongo wa mto huu karibu kila siku ya utu uzima wangu, na sijajuta. Hilo la kuipenda sikuwahi kulisimulia, kwa kuwa halikuchekesha.

Sasa nirudi kwa binti yangu. Alifaulu vizuri kuliko nilivyofaulu mimi. Nilimtakia famasia, na nilimwambia hivyo tangu akiwa kidato cha kwanza. Likizo aliimalizia kwa mama yangu hapa Garsen, na maombi ya chuo aliyafanyia hapa. Nilipokuja kuwatembelea aliniletea karatasi iliyochapishwa. Chaguo la kwanza lilikuwa usimamizi wa nyanda za malisho.

"Malisho?" nikasema. "Uende chuo kikuu kusomea nyasi?"

Alitazama chini. "Si mimi, Baba. Ni Sekretari."

Mama yangu, aliyekuwa akichuja chai, aligonga sufuria kwa kijiko. "Bado yuko hai yule? Hajachoka kuharibu watoto?"

Sikumaliza chai. Siku zilikuwa nne. Ningeweza kumrudisha binti kwenye famasia kwa dakika kumi za kompyuta. Nilitembea hadi stendi nikiwa nimeyapanga maneno yangu kwa Kiswahili sanifu, kama ofisa, na nilikuwa na haki. Wanyama wa baba yangu walikwisha kwa ukame mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeitoa familia yangu kwenye nyasi kwa kazi ya miaka mingi, na mwanamke wa fotokopi alikuwa ameirudisha huko kwa asubuhi moja.

Alikuwa amezeeka. Wanafunzi wawili walikuwa kwenye kompyuta. Aliwatazama, nao wakatoka.

"Sekretari, shikamoo."

"Marahaba, mtu wa udongo."

"Umemwandikia binti yangu kozi asiyoijua. Mimi ndiye mzazi. Nimekuja ibadilishwe, na nataka unieleze ni nani aliyekupa ruhusa ya kuamua maisha ya mtoto wa mwenzio."

Aliiweka rula mezani. Hakunitazama machoni, alitazama mahali fulani begani pangu.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwandikia mimi. Kaa. Hasira yote iache hapa mezani kwangu, mtoto asiibebe kwenda nayo nyumbani."

Sikukaa. Nilisimama nikiyasikiliza maneno hayo kama nilivyoyasikia nikiwa nje ya dirisha, na ndipo nikakumbuka upande wa ndani. Siwezi kusema nilikuwa nimesahau. Mtu akikisimulia kisa vibaya kwa miaka mingi, kile cha kweli hakifutiki, hukosa tu mahali pa kukaa. Nilikumbuka siku ya kujaza fomu yangu, fomu ikigeuzwa. Nilikumbuka kalamu juu yake, na mgongo wa mwanamke dirishani. Nilikuwa nimesoma orodha ya mwaka wa pili mara saba, nikiwa nimeshiba na nikiwa na njaa. Niliandika kwa mkono wangu. Kisha nikasema, "Baba ataniua," naye, bila kugeuka, akajibu, "Sema ni mimi."

Nikakaa.

"Wangapi?" nikauliza.

"Wangapi nini?"

"Waliosema ni wewe."

"Hapa wote nimewachagulia mimi," akasema. "Muulize yeyote."

"Na nyanya mbovu? Na watu wasiokuamkia?"

Aliondoa miwani akaipangusa kwa ncha ya mtandio. "Mtu mzima akichukiwa na mji, anazoea. Mtoto akinuniwa na babake hazoei." Kisha, kama aliyejutia kusema sana, akavuta droo akatoa karatasi moja, akanisukumia. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa binti yangu. "Wazazi huwa siwapi. Lakini wewe unaweza kuisoma."

Ulikuwa ukurasa wa mwaka wa pili. Nilianza kuusoma kimya, akagonga meza kwa rula. Nikausoma kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, mstari kwa mstari: mimea ya malisho, mienendo ya mifugo, maji ya nchi kavu, udongo. Pembeni mwa mistari miwili binti yangu alikuwa ameandika maswali kwa penseli. Moja lilikuwa juu ya ng'ombe wa babu yake: kwa nini walianza kufa wale wa upande wa mashariki. Sikuwa nimewahi kujiuliza hivyo. Nilikuwa nimehesabu tu kwamba wamekufa.

Nilimrudishia karatasi. Aligeuza kicharazio upande wangu.

"Kama unataka kubadilisha, neno la siri analo yeye. Mlete. Kidole kitakuwa chake."

"Hakuna haja," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akawaita wale wanafunzi wawili warudi.

Nilipofika nyumbani, mama yangu na binti yangu walikuwa kizingitini. Binti alikuwa amevaa viatu, kamba hazijafungwa, kama aliyejiandaa kunifuata akasita.

"Umemwambia?" mama yangu akauliza.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema ni yeye. Amekiri."

"Basi shauri limekwisha," mama yangu akasema, akanimiminia chai upya. "Yule akishaandika haifutiki. Marehemu baba yako alikwenda kwa miguu yake akashindwa. Mwanamke mbaya."

Binti yangu alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma mstari mara ya pili.

"Baba," akasema, "na wewe ni yeye aliyekuchagulia?"

Nilikunywa kidogo kabla ya kujibu.

"Ni yeye," nikasema.

Aliinama haraka kufunga kamba za viatu, lakini nilikuwa nimeshamwona akicheka.